Sindano za Dorine

Kambi Namba Nne, Kericho
2 Juni 2024

Owiti, dada yako ametoka kwenye redio! Dakika nzima na nusu, na jina la babako likatajwa. Sasa ndio nakusalimu. Hujambo huko Doha? Joto halijakumaliza? Sisi wazima. Naandika kwa karatasi, Marcella wa mlango wa pili anapiga picha na kukutumia, kwa hivyo usicheke mwandiko.

Unakumbuka mashine za kuchuma chai zilipokuja, majirani wakafungasha na kuacha mbwa? Dorine wetu analisha kumi na wawili, na paka wa kibanda cha kupimia majani hata sijui idadi. Uji na omena, dagaa wa ziwani, kila asubuhi kabla ya kazi. Mbwa wote wamedungwa sindano ya kichaa cha mbwa, isipokuwa kambwa kamoja alikokaokota juzi sokoni Chepilat. Watu wa kambi walikuwa wanamwita Mama Mbwa wakimcheka. Sasa wanamsalimia kwa mikono miwili. Mwezi ujao watu wa mifugo watampa cheti mbele ya kambi nzima. Mtoto kama huyo nilimzaa mimi.

Mamako

11 Juni

Mwanangu, salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje?

Kale kambwa ka Chepilat kalimuuma Dorine kidole gumba, na hakulia. Nilimwosha na maji ya chumvi nikafunga kitambaa. Alitaka kwenda zahanati ya kambi, nikamwambia ngoja. Nesi ataandika kwenye kitabu, na meneja alishasema mbwa mmoja akiuma mtu, wote watalishwa sumu. Cheti kitatoka wapi hapo? Anavaa glavu za kuchumia, hakuna anayeona. Kenyewe kalikufa Ijumaa. Minyoo tu.

Mamako

12 Juni

Mama, habari ya huko? Mimi niko salama. Mbwa akiuma mtu kisha akafa wiki hiyo hiyo, hiyo si minyoo. Mpeleke Dorine hospitali leo, si kesho. Sindano ni kadhaa, si moja. Mbwa wakifa, wafe. Nijibu tu kwamba ameenda.

Mwanao, Owiti

14 Julai

Owiti, salamu. Umeniuliza mara nne kama mimi ni mtoto. Alidungwa zote, hata jicho hakufumba, daktari mwenyewe akashangaa. Basi acha hayo. Cheti kimekuja! Meneja alimshika mkono, ule wa glavu. Nimekitundika juu ya redio.

Mamako

15 Julai

Asante, Mama. Sasa nitalala. Nimemnunulia dada buti za mvua, saizi sita. Mwambie namwita Daktari.

Mwanao, Owiti

8 Septemba

Owiti, leo salamu sina. Umepiga simu sikushika. Marcella alikwambia Dorine ametuacha, hakukwambia vile ilivyokuwa, kwa sababu hajui yote. Karatasi hii nimeipiga picha mwenyewe.

Hatukuenda hospitali. Aliniomba nauli mara mbili, nikamwambia baada ya cheti. Baada ya cheti kidole kilikuwa kimepona, tukaona yameisha.

Jumatatu alisema mkono unamwasha. Jumatano nilimpa maji, akayaogopa. Kikombe chake mwenyewe. Hospitalini daktari aliuliza kama alidungwa, akanitazama mimi. Dorine alijua kabla yangu. Aliniambia, "Mama, usiseme ni mbwa. Watawaua."

Nimesema. Nilibeba kadi za sindano za mbwa wake nikamwekea meneja mezani. Nikamwambia hawa hawana makosa, aliyeficha ni mimi. Mbwa kumi na mmoja wana kadi. Mtoto wangu hakuwa nayo. Akasema ataamua baada ya mazishi. Wako mlangoni wanangoja uji, na mimi napika, lakini hawanywi kama yeye hayupo.

Wazee wa nyumbani wanasema msichana ambaye hakuolewa huzikwa nje ya ua. Nimewaambia huyu atalala ndani ya ua wa nyumbani, chini ya dirisha langu, na kama kuna mtu wa kuwekwa nje ni mimi. Buti zako zilifika. Alizivaa siku moja, akanionyesha akitembea hapa kambini.

Omba ruhusa uje. Ukinikuta hutaki kunisalimia, nitaelewa. Watu wote wanatarajiwa mazishini Jumamosi, tarehe kumi na nne.

Mamenu