Nta ya Babu Kwenye Kanda Zako

Baba yangu,

Najua hutanijibu, na hata ulipokuwa hai barua hukuzipenda. Ulisema anayetaka jibu aje akae chini. Basi nimekaa, hapahapa nyumbani Shanwe, kwenye meza yako, mbele ya mashine yako ya kanda. Imekufa, baba. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole.

Unakumbuka ilivyofika? Redio yetu ndogo ilitaka kununua diski za nje, wewe fundi wao ukang'ang'ania mashine kuukuu ya kuhifadhi bakapu, zile nakala za akiba, kwenye kanda. Wenzako walikutania kwamba umeleta kinu ofisini. Ukawajibu, "Diski inakufa bila kuaga. Kanda inakohoa kwanza, ukiisikia unahamisha mzigo." Uliilea kuliko ulivyotulea sisi. Uliifunika kwa kitenge cha mama ili vumbi lisiingie, ukatukataza kuipuliza kwa mdomo, na taa ya usafi ikiwaka ulipitisha kanda ya kusafishia mara moja tu, maana ikizidi inakwangua kichwa cha kusomea. Kila ulipomaliza kurekodi uliisoma kanda upya. "Bakapu usiyoijaribu ni matumaini tu," ulisema.

Radi ilipounguza kompyuta ya studio, wote walishika vichwa, wewe ukaendelea na chai yako. Kesho yake ulizirudisha rekodi zote kutoka kwenye kanda, mama akasikika tena hewani akisimulia hadithi zake kwa Kikonongo, lugha ya kwetu, na akina bibi wa Inyonga wakapiga simu kuuliza alikuwa amepotelea wapi. Nilitembea mjini nikijivuna kuwa mtoto wako.

Redio ilipofungwa ulizileta kanda nyumbani. Ulishaanza kuumwa, ukaogopa vumbi la kiangazi, ukafanya alichofanya babu kwa vyombo vyake vya asali: uliziba kila kasha kwa nta, pembeni kote, ukiikandamiza kwa kidole. "Asali ya mzee ilikaa miaka na haikuingia hata sisimizi." Ni kweli. Lakini asali ya babu ilikaa kwenye nyumba ya nyasi, baba. Sisi tumeezeka bati, na wewe ulizipanga juu kabisa ya kabati.

Mwaka huu mama alipooza. Anaelewa kila kitu, ila hawezi kutamka hata jina langu. Nikajipa moyo kwamba sauti yake tunayo. Nikafungua kasha, nikaingiza kanda ya kwanza. Mashine ikavuma, ikakwama, ikanyamaza. Nta ilikuwa imeyeyukia ndani na kugandisha utepe, na iliyobaki ikapaka kichwa cha kusomea.

Nilivibeba vyote hadi Mwanza. Fundi wa kule alizifungua kanda mojamoja, akavua miwani. "Dada, nisikudanganye. Hata ukipata mashine nyingine, huu utepe ukiuvuta unakatika. Zote ziko hivyo."

Nilikukasirikia safari nzima ya treni ya kurudi. Wewe uliyejaribu kila bakapu, hizi mbona hukuzijaribu? Nikafika nyumbani, nikaona alama ya kidole chako kwenye nta, hasira ikaniishia. Nililia tu.

Sasa jioni namsimulia mama hadithi zake mwenyewe, kwa Kiswahili, maana Kikonongo mimi nakisikia tu, kukisema siwezi. Nikifika pale fisi anaporudi kisimani, anatikisa kichwa. Sivyo. Najaribu njia nyingine, anatikisa tena. Hadithi anayo yeye, mdomo ninao mimi. Jana alinishika mkono ninyamaze, akafumba macho. Nadhani amechoka kusubiri nipatie.

Pumzika, baba. Kitenge nimekirudisha juu ya mashine. Nilitaka kukifua nimpe mama ajifunike, akakataa kwa kichwa.

Ni mimi,
kitinda mimba wako