Mwongozo Wangu na Ng'ombe wa Kuresoi

Jumatatu, 3 Juni 1974

Kutoka Naivasha mpaka Molo hakuna kichwa kama changu. Kompyuta yenyewe iko Nairobi na hatujawahi kuonana, lakini siku nikiingia pale itasimama iniamkie! Mimi Kiprugut, darasa la saba na nusu. Hiyo nusu mwalimu alinifukuza.

Kazi yangu ni kutoboa kadi. Fomu zinatoka mashambani zinakuja hapa ofisini Nakuru, kila ng'ombe na kadi yake — tarafa, mwenyewe, namba ya ng'ombe, namba ya dume aliyemzaa. Napiga vibonye, mashini inatoboa vishimo. Halafu Chepkurui, kwa mashini ya pili, anapiga upya yale yale kutoka kwa fomu. Tukitofautiana, taa nyekundu. Zikipita zote anatia sahihi, kreti inakwenda Nairobi.

Ana wiki tano tu hapa. Mwisho wa mwezi anaandikwa kazi ya kudumu, bora sahihi yake isiwe na doa. Kwa hivyo anapiga pole pole kama mtu anayechambua mchele. Nilimwambia hivyo. Akasema mimi wangu nitaula na mawe yake. Huyu msichana!

Jumatano, 5 Juni

Nimevumbua!! Ndani ya mashini kuna silinda ndogo, inavalishwa kadi ya mwongozo. Hiyo ndiyo inaiambia mashini: hapa ruka, hapa rudia ya kadi iliyotangulia. Mwongozo wa Bwana Harjit, mkubwa wetu, unarudia tarafa peke yake. Sasa leo shamba moja la Njoro, ng'ombe mia mbili, dume mmoja tu — namba 118. (Mwanaume!) Nipige 118 mara mia mbili kwani mimi ni mjinga? Nikatoboa mwongozo wangu: rudia tarafa, rudia na dume.

Saa sita nimemaliza, napiga mluzi. Bwana Harjit akachungulia mlangoni. "Kijana, wewe mgonjwa?"

Alhamisi, 6 Juni

Nimemtobolea Chepkurui mwongozo kama wangu, auvalishe mashini yake. Zawadi. Wengine wanapeana hankachifu.

Akaugeuza, akaugeuza. Na dume, atakaguliwa na nani? Nikamwambia mashini itamlinganisha yenyewe na kadi ya nyuma. Akauliza kama Bwana Harjit anajua. Anajua, nikasema, twende kazi.

Saa tisa, kadi za Njoro zote zimekaguliwa! Tukaenda kula mandazi kwa Mathe Adero. Nikamwigiza Bwana Harjit akitafuta miwani na imo usoni. Chepkurui alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nitakumbuka hiyo pua mpaka nizeeke.

Ijumaa, 7 Juni

Kuresoi — ng'ombe mia nne na kumi na wawili. Kadi ya kwanza nikapiga yote kwa mkono, dume namba 73, halafu nikaachia mwongozo. Mbio! Chepkurui nyuma yangu, taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Saa kumi ametia sahihi. Anaimba.

Alhamisi, 20 Juni

Orodha ya Kuresoi imerudi kutoka Nairobi, na leo mzee mmoja, Mzee Kosgei, ametoka nayo huko juu mpaka kaunta yetu.

"Vijana, Kuresoi nzima baba ni mmoja? Huyu sabini na tatu hana kazi nyingine?"

Tulicheka. Mimi zaidi.

Mzee hakucheka. "Ng'ombe wangu ni binti wa arobaini na moja. Nyinyi mmeandika sabini na tatu. Jana mtu wa sindano ya kupandisha ng'ombe amekuja na mbegu ya arobaini na moja, anasema karatasi imekubali. Nimemshika mkono mimi mwenyewe. Mnataka apandwe na baba yake?"

Nikaivuta ile orodha, nikaisoma. Kule wenye ng'ombe ni wengi, kila mtu na dume wake. Na mimi sikuutoa mwongozo.

Ijumaa, 21 Juni

Saa mbili Bwana Harjit ametuita. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Akamwambia Chepkurui, mtobozi anakosea kila siku, ndiyo maana kuna mkaguzi. Akainua ule mwongozo. "Nani alikuruhusu kutumia hii, mama?"

Chepkurui akaniangalia. Mara moja tu. Akangoja.

Mimi nilikuwa naangalia kiatu changu.

"Sahihi ni yangu, bwana," akasema.

Basi. Bwana Harjit anaandika barua: hataandikwa kazi ya kudumu, mwisho wa mwezi aende.

Sasa ni saa nne. Amerudi kwa mashini, mwongozo wa zamani, anakagua Kuresoi kutoka kadi ya kwanza. Mimi natoboa upya nikimpelekea. Nimemuuliza kama nimletee chai. Anasema asante, hana kiu. Bila hasira! Hiyo ndiyo mbaya.

Kadi zitapona, kesho jioni tutakuwa tumemaliza. Ng'ombe wa Mzee Kosgei pia hana neno. Kilichoharibika ni kimoja. Nilimwambia Chepkurui kwamba Bwana Harjit anajua, na Bwana Harjit hakuwa anajua, sikuwahi kumuuliza. Na leo alipouliza, kulikuwa na nafasi pale, ya kuvuta pumzi mara mbili hivi, nikaiacha ipite.

Taipureta imeanza kulia chumbani kwa Bwana Harjit, ndiyo ile barua. Chepkurui ameisikia, vidole vyake vimesimama. Mlango uko wazi, ni hatua sita kutoka kiti changu, na mimi bado naandika hapa —