Boneti Lilikuwa la Moto

Shoga uko wapi, pokea simu! Kaka yangu nusura auawe leo mbele ya macho yangu!

Si unalijua lile gari la Kijerumani analouza? Likiwashwa likiwa baridi, injini inagonga kama mtu anapigilia misumari. Kwa hiyo huliwasha mapema, mteja akifika kelele zimeisha.

Mteja wa leo hata bei hakuuliza. Aliweka kiganja juu ya boneti.
"Mbona la moto?"
Kaka akacheka, "Jua hilo, bosi."
Kulikuwa na mawingu, shoga. Mawingu!

Mteja akamwambia, "Hata lile ulilomuuzia mdogo wangu ulilipasha hivi hivi. Likamzimikia katikati ya barabara, lori likampanda."

Akamkaba kaka shingo, akambamiza uso kwenye boneti. Akambamiza tena, jino likaruka. Akaokota spana ya magurudumu. Nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Ndipo mafundi wa jirani wakaja kututenganisha.

Sasa tuko hospitali. Polisi ananiuliza nimeona nini. Kaka ananikonyeza kwa jicho moja lililobaki wazi, eti niseme yule mteja ni mwizi.

Nimemwambia polisi yote, mpaka habari ya lori. Kaka kageukia ukutani.