Jicho la Zuhura

Maskati

Kwa kaka yangu Bakari, Bofu, Likoni.

Assalamu aleikum, na shikamoo pia, maana hata ukinikosea vipi wewe ni mkubwa wangu, na sikulelewa kuanza maneno bila ya salamu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na mdogo wetu Zuhura, bado anakwenda kujifunza cherehani au umeshamwachisha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Mengine utayasikia.

Barua yako nimeipata. Unasema Nassor, rafiki wa mume wangu, amemtaka Zuhura, umeshamtumia picha, na akiridhika utampa wakili wake mkono pale msikitini, kama ulivyompa wakili wa Hamid ulipokuwa walii wangu wa kuniozesha: bwana harusi yuko ng'ambo, bibi harusi yuko chumbani Bofu, hawajaonana hata siku moja. Tena unajisifu kuwa picha hiyo "imepita kwa fundi." Fundi! Kaa kitako nikueleze ufundi wako ulinifikisha wapi.

Unakumbuka Hamid alipoleta posa. Alikuwa na studio huku, akasikia kaka wa mchumba wake anapiga picha Changamwe na ana kompyuta, akakutumia disketi za filta, vile vijiprogramu vya kurembesha nyuso za picha, ziwe zawadi. Ukaziingiza siku hiyohiyo. Ukanakili faili zake kwenye folda ambayo programu hutafutia vitu vya ziada, ukaifunga programu, ukaifungua upya, na majina mapya yakatokea kwenye menyu. Ulituita mimi na Mama tuje tutazame, utadhani umepata mtoto. Ukataka uso wa kujaribia, na wangu ulikuwa karibu; ukanipiga picha, ukaitia kwenye kompyuta. Lile kovu langu la mafuta ya mahamri, linaloshuka kutoka sikioni mpaka kidevuni, ukalizungushia mstari, ukabonyeza, likafifia. Ukabonyeza tena na tena, likawa halipo. Mama akauliza, "Na huyu ni nani?" Ukacheka. Picha hiyohiyo ndiyo uliyompelekea Hamid.

Uwanja wa ndege alinipita mara mbili akiwa na picha mkononi. Nikamwita kwa jina. Akanitazama, akaitazama picha, akasema, "Maimuna yuko wapi?" Nikamwambia, "Ndiye mimi." Akanichukua mpaka nyumbani. Huko akaiweka picha chini ya taa, akainama, kisha akaanza kucheka.

"Wallahi, hii ni filta yangu mwenyewe," akasema. "Nimeituma kwa mkono wangu, nami nimedanganywa nayo."

Hakuniacha. Laiti angeniacha. Kesho yake alinipiga picha nilivyo, bila ya wanja, akaikuza, akaitundika kwenye dirisha la studio pamoja na ile yako. Ya kushoto, yenye kovu, ameandika KABLA; ya kulia, ile yako, ameandika BAADA. Kisha akanifundisha kazi, ili niwe nakaa hapo mbele kila siku. Wateja hutazama dirisha, wakaingia, wakanikuta. Wapo wanaotoka tena nje kuhakikisha. Bibi mmoja wa Kizanzibari alinishika shavu akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, na mashine yote hii, wewe haikukufaa kitu?" Na chakula kikipungua chumvi, Hamid husema yule wa BAADA dirishani angepika vizuri zaidi. Hulisema hilo mbele ya wageni, nao hucheka.

Sasa sikiliza vizuri. Nassor hana sanduku la posta. Barua zake huja kwa anwani ya studio yetu, na bahasha za studio nafungua mimi.

Ndani ya bahasha yako nilimkuta Zuhura ana macho mawili yaliyonyooka. Zuhura, ambaye tangu kuzaliwa jicho lake la kushoto hutazama pua! Ulichukua jicho la kulia, ukaligeuza, ukalibandika upande wa pili. Na kazi yenyewe mbovu, Bakari. Mng'ao wa taa kwenye jicho la kulia unatoka kulia, na wa jicho la kushoto unatoka kushoto, kana kwamba Changamwe mna majua mawili. Ungekuwa na haya, hata kudanganya ungejifunza vizuri.

Hamid alikuwa ametoka kununua karatasi. Nikaiingiza picha kwenye kompyuta kwa skana, nikazipitia filta zote, za zamani na mpya, nikitafuta inayorudisha. Hakuna. Zote zinajua kufuta tu. Basi jicho nikalirudisha kwa mkono, nukta kwa nukta, kwa kulikumbuka: namna linavyojificha akicheka, na ile kope yake iliyolala. Nililia. Sijauona uso wa mdogo wangu tangu niondoke, na ilinibidi niuchore mwenyewe ndipo niuone. Nikaichapisha, nikaitia kwenye bahasha yako, nikaigandisha upya.

Nassor aliifungua hapo hapo studio, na Hamid kando yake.

"Huyu jicho moja lanitazama mimi," Nassor akasema, "na jingine lamtafuta mwengine."

Wakacheka mpaka Hamid akashika meza. Mimi nilikuwa nawamiminia kahawa.

"Lakini safari hii shemeji yangu ametuma mtu," Hamid akasema, akijifuta machozi. "Mimi alinitumia filta."

Nassor akaitupa picha mezani akasema hamtaki, hata wakimletea mpaka mlangoni. Nikaiokota, nikaenda jikoni, nikashukuru Mungu mpaka midomo ikakauka.

Kwa hiyo posa imevunjika. Najua Zuhura ameshaanza kuota Maskati, na labda wenzake ameshawaaga. Atalia. Mwambie ni mimi niliyemharibia, usimfiche. Anichukie akiwa Bofu, kwa Mama, mbele ya watu wanaolijua jicho lake na hawalitazami mara mbili. Ndivyo ninavyotaka.

Na wewe ukitaka kumtengeneza tena, tengeneza. Nassor ana marafiki, na wote hutumia sanduku letu. Kila utakachokifuta nitakirudisha.

Picha ya Zuhura niliyoichora imo humu. Itundike sebuleni, pale ulipotundika nakala ya ile yangu ya uongo, na ile yangu itoe ukutani uichome.

Nisalimie shangazi aliyenipaka hina, mwambie kazi yake ilikuwa nzuri, bwana harusi ndiye aliyekosa kuitazama. Msalimie na jirani yetu mpika mbaazi. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, na akikuuliza nimeandika nini, mwambie naendelea vizuri na nimenenepa. Kudanganya wajua, na uongo huo mmoja nakuruhusu.

Ni mimi nduguyo, yule wa dirishani upande wa kushoto,

Maimuna