Namna ya Kumwamuru Mzee kwa Kiitaliano

Jumatatu, 3 Machi 2025

Celestine ameanguka. Si matopeni — mtihani wa Kiitaliano! Wa kuandika amepita wote, amewashinda hata wale wasichana wa Kisii mjini wenye kucha ndefu. Wa mdomo ndio umemmeza. Mume wake, Duke, mwanangu, amenieleza kwa simu kutoka Nyamarambe anakoezeka mabati. Mtahini alikuwa mzee wa Kiitaliano kwenye kompyuta, mvi mpaka masikioni. Akajifanya mgonjwa asiyetaka kutoka kitandani. Celestine alitakiwa amwamuru ainuke, anawe, ale. Basi! Mkwe wangu akaangalia chini. Dakika nne, kimya. Mzee wa watu akadhani mtandao umekatika.

Nimecheka mpaka meno yangu yaliyobaki yakatikisika. Halafu nikaacha. Maana amepewa nafasi moja tu tena, tarehe kumi na tisa. Akikosa, ile kazi ya kutunza wazee huko Italia anapewa mwingine. Na miezi tisa ya kwenda darasani Kisii kila Jumanne na Alhamisi, na mgongo bado unauma kwa kuchuma chai, imekwenda bure.

Naandika Kiswahili ndiyo Nyamusi asisome. Mke wangu husoma Biblia ya Ekegusii tu. Akilikuta daftari hili atafikiri nimeanza kuandika maombi. Afikiri hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Celestine amekuja. Amesimama mbali kwenye migomba kama kawaida, macho kwenye gambuti zangu.

"Baba, samahani. Duke hayuko. Sina mtu wa kunishikia kitabu."

"Kwani kitabu kinakimbia?"

Akacheka ndani ya kiganja. Kumbe anataka mtu wa kumtajia kitenzi, yeye akinyambue. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa karani wa kupima majani ya chai miaka ishirini na miwili. Herufi tunajuana.

Mpango wetu: yeye ndani ya jiko lake, dirisha wazi. Mimi nje kwenye kigoda, mgongo ukutani. Hatuonani. Ensoni, ile staha yetu ya ukwe, imetunzwa, na hata ndugu yangu Osoro, askari wa mila, hana la kusema. Mkwe hashikani mkono na baba mkwe. Hamkazii macho. Nami siingii nyumba ya mwanangu hata inyeshe mvua ya mawe. Miaka kumi na tisa sijui kuta zao zimepakwa rangi gani.

Kitenzi cha leo ni lavare, kuosha. Nikataja. Dirishani zikatoka kama bisi: lavo, lavi, lava, laviamo, lavate, lavano! Hakumeza mate hata mara moja. Mimi nasema "ravo", ulimi wa Kigusii hautaki mchezo. Lakini hawa jamaa wanasoma kama sisi — a ni a, e ni e. Sio Waingereza, wanaandika hivi na kusema vile kama mashahidi wa kununuliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Waitaliano ni watu! Leo tumefika kwenye nyakati. Wana iliyopita ya juzi. Wana iliyopita ya kuendelea-endelea, lavavo, nilikuwa nikiosha. Wana iliyopita ya vumbi, lavai, ya watu waliokwisha kuzikwa na nyasi kuota. Sikushangaa sana. Sisi Abagusii pia tuna ya asubuhi hii, ya jana, na ya zamani za babu. Nilisalimu tu, kama mtu aliyekutana na binamu sokoni.

Lakini hali ya mashaka! Ukiona mtu anaosha, unasema lava. Ukidhani tu anaosha, kitenzi chenyewe kinavua koti na kuvaa lingine: credo che lavi. Kwa hiyo huwezi kuchanganya ulichoona na ulichodhania. Tungekuwa nayo hapa Ikonge, nusu ya umbea ingekufa kwa njaa.

Halafu ile ya "ningeosha": laverei. Hiyo ni ya Duke. Ningeezeka jiko la mama, ningepata nafasi.

Celestine anazipanda zote kama mbuzi mlimani. Nimejaribu kumtega, nikaruka kutoka ya vumbi mpaka ya kesho, nikarudi. Hakuteleza. Nikamwuliza anazishika vipi. Akasema anachuma chai nazo: mkono wa kulia wakati uliopo, wa kushoto uliopita, kikapu kikijaa amemaliza kitenzi.

Kichwa gani hicho! Na Duke alimpata wapi? Kwenye harusi ya mtu, akila.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Hakuna vitenzi, amesema Nyamusi. Kanisani mhubiri amekaza mwendo saa nzima. Nikanyambua kimoyomoyo. Nyamusi ameona midomo yangu ikitembea, akafurahi sana.

Jumanne, 11 Machi

Leo kuamuru. Nikataja: alzarsi, kuinuka, mwamuru mtu mzima.

Kimya. Mwiko ndani ya sufuria ukasimama.

Nikarudia. Kimya!

"Baba, hii siwezi. Nikifungua mdomo nakuona wewe."

"Huwezi kuniona. Kuna ukuta."

"Nakuona tu."

Akanyoosha karatasi dirishani, nikaipokea kwa ncha. Yote sawa: si alzi, inuka. Si sieda, keti. Mi dia il braccio, nipe mkono. Kwa kalamu ni jenerali. Kwa mdomo ni bibi harusi.

Jioni mwalimu wake, Joyline, amepita. Yeye ameosha wazee wa Italia miaka minane, anajua mabega yao kuliko wake zao. Amesema huko ukiangalia chini wanafikiri umewaibia kitu. Amesema pia jambo lililonikalisha. Mtoto unamwamuru kwa neno moja, lakini mtu mzima unamwamuru kwa lile koti la mashaka — lavi! Kama vile amri yenyewe imeinama kidogo kabla ya kuingia. Nikapiga goti kofi. Hawa watu wana ensoni yao, wameishonea ndani ya kitenzi!

Nikamwambia Celestine kupitia ukuta. Akasema, ndiyo Baba, ni nzuri. Kisha akashindwa tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya mambo.

Saa nne asubuhi, Nyamusi yuko soko la Ikonge. Celestine na jirani yetu Persis wanachuma chai pale chini. Nikashuka polepole, nikachagua mahali pakavu — mimi si mjinga — nikajilaza kati ya mistari na kupiga ukelele.

Wakaja mbio. Persis akaita Mungu. Celestine akasimama hatua tatu mbali, mikono kifuani, akisema Baba, Baba, umeumia wapi?

Nikafumba macho, nikawa Mtaliano asiyeelewa kitu. "Non capisco."

"Baba!"

"Non capisco!"

Nikafungua jicho moja kidogo. Hapo akaugundua mchezo wangu. Niliona uso ukibadilika: hofu, halafu hasira, halafu kile kicheko cha kiganja. Persis akauliza mzee ananena lugha gani, apigiwe mchungaji?

"Si alzi," Celestine akaiambia miti ya chai.

Nikageukia upande wa pili, nikagoma kuinuka. "Non mi alzo."

"Si alzi!" Hiyo ilikuja kwangu. Wachumaji wa shamba la pili walisimama wima.

"Non mi alzo!"

Nilitaka hapo tu. Apige kelele, niinuke, tucheke, twende zetu. Lakini mwanamke akimaliza kuogopa humjui atasimama wapi. Alikuja zile hatua tatu. Akainama. Akanitazama machoni — yana rangi ya kahawia nyepesi, sikuwa najua — na akanyoosha mkono.

"Mi dia il braccio, signore."

Nikampa! Ningefanyaje? Nimeinuliwa kama gunia la majani. Ana mkono mgumu, mkavu, wenye joto. Miaka kumi na tisa ameniandalia chakula kwa mkono huo.

Mimi, mwenye maneno yote haya, nilipangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi.

Halafu nikamwona Osoro juu barabarani, na baiskeli yake.

Ijumaa, 14 Machi

Osoro alikuja kabla ya uji. Ati nimeivunja nyumba. Ati mkwe amenishika mchana, mbele ya watu, na kunifokea kwa lugha ya mashetani. Kikao Jumatano, wazee watatu, na mbuzi wa kusafisha. Nikamwambia ni lugha ya Papa. Akasema yeye ni Msabato.

Nyamusi amesikiliza yote akimenya ndizi. Akasema kama mkwe wake amepata neno linalomwinua huyu mzee, aandikiwe yeye pia. Amejaribu miaka hamsini.

Nilicheka. Lakini kumbe Osoro alikuwa ameanzia kwa Celestine. Amemwambia amemwaibisha mzee wa boma.

Jumatatu, 17 Machi

Dirisha limefungwa. Siku ya tatu. Nimekaa kwenye kigoda, nimetaja vitenzi kumi na viwili kwa sauti, nyakati zote. Kuku wamekuja kusikiliza.

Mzaha wangu. Nimepiga mzaha tangu utotoni na sijawahi kuulipia. Huu ataulipia yeye?

Nikauambia ukuta, polepole, kwa Kigusii: aliyenishika mkono hakuniaibisha. Aliniinua. Nikaenda zangu.

Jumatano, 19 Machi

Saa nne na robo. Naandikia gotini. Wazee wanafikiri nachukua maneno ya kikao, maana niliwahi kuwa karani. Vizuri.

Osoro amechagua saa ileile ya mtihani. Joyline ameleta kompyuta nyumbani kwa Duke, ati safari hii afanyie alikozoea. Kwa hiyo hapa uani tuko sisi wanne na mbuzi, na pale jikoni yuko Celestine na Mtaliano. Dirisha limeachwa wazi upana wa kiganja. Sijui nani ameliacha.

Osoro anaeleza kosa langu tangu enzi za babu.

Ndani sauti ya mzee, kavu, ya kudeka: no, no, non mi alzo.

Celestine kimya.

Osoro anauliza kama nakiri. Nimeinua kidole asubiri.

Kimya bado. Nahesabu pumzi. Nane. Tisa. Mbuzi amekohoa. Kumi na moja.

"Signore." Sauti ya chini, haina haraka. "Mi guardi."

Nitazame! Hiyo hatukuifanyia mazoezi. Hiyo ameitoa mwenyewe.

"Mi guardi. Bene. Adesso si alzi."

Na kiti kimelia huko Italia, wallahi nimekisikia, kiti cha mtu mzima anayeinuka!

Osoro ameacha neno katikati. Ameninong'oneza: amemwambia nini yule mzee?

Nimemwambia: nitazame, vizuri, sasa inuka. Ameweka fimbo chini.

Sasa Mtaliano amesema kitu kirefu, cha mbio, sijui wakati gani wala hali gani, kimenipita kama treni. Joyline hacheki. Osoro anauliza, na hiyo je? Sijui, ndugu yangu, hiyo sijui. Lakini Celestine ameshaanza kumjibu, na hasiti, anazidi kwenda —