Shemeji Amekataa Kusomewa Jarida la Gofu

Ndugu yangu, shemeji amenikataa. Amenikataa mchana kweupe, mbele ya wachezaji wenzetu!

Unayajua majarida yangu ya gofu. Yamenifaa mno. Sisi tulioanza uzeeni, bila mwalimu, tungejifunza wapi kushika fimbo na adabu za kiwanjani? Hilo silikanushi hata sasa.

Leo shemeji alikuwa amekwisha kuuinamia mpira, shimo li karibu kabisa. Nikafungua jarida, nikamsomea kwa sauti namna ya kukunja magoti. Akakosa. Nikamsomea tena.

Akainuka. "Shemeji, huyo mwandishi ameyaona magoti yangu?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Tangu dada yako afariki, nyumba imenishinda. Naja hapa nipate mtu wa kuzungumza naye. Wewe unanisomea."

Unanisomea! Ndivyo alivyosema. Wewe unanisomea!

Akabeba mfuko wake wa fimbo, akaenda kucheza na watu asiowajua hata majina.

Nami namlilia dada yangu kila siku, ndugu yangu. Shemeji hajui, kwa sababu sikupata kumwambia.