Mtundu wa Nguzo ya Sitini na Moja

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mtu usiyemjua, naomba msaada na naomba upesi, kwa maana hapa Mpanda mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa na tangu niyaone chakula hakinipiti kooni, na tafadhali usitaje jina langu, maana huku gazeti likifika linasomwa na mtu mmoja kwa sauti barazani dukani kwa Zubery na wengine wote wanasikiliza.

Kazi yangu ni kukata miti karibu na nyaya za umeme. Mgodi wa Kampuni una mtambo wake, na kutoka kwenye mtambo nyaya zinakwenda maili tisa porini mpaka kwenye pampu ya maji mtoni, na hizo maili tisa ndizo maisha yangu tangu mwaka arobaini na tisa, nilianza na panga nikafyeka, nikapewa shoka, nikajifunza kupanda kwa kamba na msumeno, na sasa ni mwaka wa tatu mimi ni nyapara wa watu kumi na wawili. Ni kazi isiyo na mwisho, mshauri, tunaanza nguzo ya kwanza, tukifika ya mwisho kule mtoni visiki vya mwanzo vimeshachipua mpaka kiunoni, tunarudi kuanza tena, mbung'o wanatuuma migongoni, na jioni mke wangu akiniuliza leo umefanya nini nakosa la kumwonyesha, kwa sababu mkulima wa Kibaoni ataonyesha mpunga na mvuvi wa Ikola ataonyesha dagaa, lakini mimi nitaonyesha mahali pasipo na kitu. Nimechoka. Miti haichoki.

Sasa sikiliza shida yangu. Kwenye nguzo ya sitini na moja upo mti mkubwa wa porini, mtundu, umesimama kati ya barabara na nyaya, na kwenye tawi lake la upande wa nyaya umening'inia mzinga wa nyuki wa baba mkwe wangu, Mzee Melkior, ambaye ni mrina asali wa siku nyingi na mzinga ule aliutundika kabla mzungu yeyote hajapima njia ya nyaya. Wakati wa kusafisha njia mara ya kwanza mti ulionekana uko mbali ukaachwa, lakini mti hukua, na mwaka huu tawi lile limefika juu ya nyaya kabisa. Ilitakiwa ukatwe mwezi wa sita. Mwezi huo huo Mzee akashikwa na miguu, imevimba, hatembei, kwa hiyo hata asali ya mwaka huu hakurina, mzinga umejaa mpaka kamba zake zinalia upepo ukipita, na mtoto wa kiume hana, ana mabinti tu, na mimi ndiye mkwe wa karibu. Lakini katika ukoo wao mkwe hashushi mzinga wa baba mkwe akiwa hai. Mzinga hushushwa na mwenyewe au mwanawe wa kumzaa, na mkwe akiushusha ni sawa na kutangaza kwamba mzee amekwisha kufa na mali yake inagawanywa.

Hata hivyo nilikwenda kwake Misunkumilo, nikakaa mbali kidogo kama inavyonipasa, nikasema, "Baba, Kampuni inautaka ule mti." Akanijibu bila kunitazama, "Kampuni imekuja juzi. Mzinga wangu uko pale, na nyie mkiugusa mtakuwa mmenizika." Mke wangu Marselina akanifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukimshushia baba mzinga, mimi nguo zangu nazifunga leo leo, narudi kwetu." Na Marselina si mtu wa kutisha bure, akisema neno amesema.

Nikarudi kazini nikafanya jambo ambalo ndilo linanila. Injinia wetu hukagua akiwa ndani ya Landrova barabarani, hashuki, anaangalia tu kama mti una vidonda vyeupe vya msumeno, akiviona anapita. Basi nikapanda mwenyewe nikakata matawi yote ya upande wa barabara, na lile la upande wa nyaya lenye mzinga nikaliacha, nikashuka nikaandika katika daftari, nguzo sitini na moja, safi. Injinia akapita akaona vidonda vyeupe, akanipungia mkono. Mshauri, hata mtu asiyejua kazi anajua nilichofanya, nimeuondolea mti uzito wa upande mmoja nikauachia wa upande wa pili pamoja na mzinga uliojaa asali, na sasa mti wote umeegemea nyaya. Wiki iliyopita nilipita pale peke yangu nikaona upande wa barabara udongo umepasuka shinani, ufa unaingia vidole vitatu. Mvua ya kwanza ikilainisha ardhi, mtundu utalala juu ya nyaya.

Na kuna jambo jingine, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika watu wangu yupo mmoja anaitwa Ambrosi, nimemfundisha kazi mwenyewe, kupanda, kufunga kamba, kusikiliza mti unapotaka kukatika, na kazi yake ni kutembea njia yote kwa miguu kila baada ya mvua kubwa kuangalia kilichoangukia nyaya. Juzi akaniuliza, "Kaka, ule mtundu wa sitini na moja mbona kama umeinama? Uko sawa kweli?" Nikamwambia, "Nimeshauangalia mimi mwenyewe, ni mzima." Akasema, "Basi kama umeuangalia wewe, mimi sina neno," akaenda zake anapiga mluzi. Ule mluzi nausikia mpaka leo.

Mwisho wa Novemba Injinia anachagua mtu wa kuajiriwa moja kwa moja kuwa msimamizi wa njia yote, mwenye nyumba ya bati na watu thelathini chini yake, na kila mtu anasema ni mimi. Nikisema ukweli, daftari langu linanishtaki. Nikiukata mti, nimempoteza mke na baba mkwe. Nikinyamaza, pengine mvua itakuwa ndogo mwaka huu. Nimefikiri hata kuacha kazi nikalime, kwa sababu kazi gani hii ya kupigana na majani miaka yote, na atakayekuja baada yangu ajue mwenyewe la kufanya na mtundu ule. Nishauri, Mama. Nimechoka kuwaza.

Mimi niliyechoka,
Mpanda, Oktoba 1956

MAMA MWANAHIJA ANAJIBU

Ndugu yangu wa Mpanda, jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wenzako katika gazeti yamebadilishwa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, maana najua uchovu wa kazi isiyoonekana. Mimi nimefagia nyumba miaka thelathini na vumbi halijawahi kunishukuru. Mara ya pili nilikasirika.

Unasema umechoka. Naamini. Lakini usinichanganyie mambo mawili. Miaka saba ya kufyeka imekuchosha mwili, na mwili unalala unaamka. Hicho kinachokunyima chakula ni kingine: ni lile neno "mzima" ulilomwambia Ambrosi. Hata ukiacha kazi kesho ukalime Kibaoni, utalima nalo. Na unasema atakayekuja baada yako ajue mwenyewe. Atajuaje, wakati daftari uliloliacha linamwambia safi?

Umejaza kurasa nne, na nimetafuta mstari mmoja tu sikuuona. Hukuandika popote kwamba ulimwambia Mzee Melkior mti wake unaanguka. Ulimwambia Kampuni inautaka. Kwa hiyo yule mzee mgonjwa anadhani anagombana na wazungu wenye tamaa, kumbe anayetaka kuangusha mzinga wake ni mkwewe aliyekata upande usiostahili kukatwa. Akakukatalia, na mimi ningekukatalia. Marselina naye amekutisha kwa jambo asilolijua. Umewafanya watu wawili wabishane na uongo, halafu unalalamika kwamba ni wabishi.

Na pengine mvua itakuwa ndogo, unasema. Mwanamume mzima, nyapara wa watu kumi na wawili, anaweka maisha ya mwenzake juu ya pengine! Aibu ikupate kidogo, kisha ifanyie kazi.

Fanya hivi. Kwanza kabisa, kabla ya mke, kabla ya Injinia, mtafute Ambrosi popote alipo umwambie, "Nilikudanganya, mti ule si mzima, usikanyage pale." Useme hivyo hivyo bila kuzungusha. Zibeni njia pande zote kwa matawi, maana naamini wanawake wa Misunkumilo nao hupita pale na kuni zao, jambo ambalo hukuliandika na labda hukulifikiria.

Ukitoka hapo nenda kwa Injinia na daftari mkononi. Mwombe azime umeme wa njia ile mpaka mti uondolewe. Atakuuliza kwa nini, nawe utafungua ukurasa na kumwonyesha ulipoandika safi. Pengine atakunyima ile nyumba ya bati. Pengine atakurudisha kwenye panga. Ukirudishwa kwenye panga, fyeka. Ulianza nalo na hukufa.

Halafu nenda Misunkumilo na mkeo, na njiani umweleze Marselina yote, asije akayasikia mbele ya baba yake. Kwa Mzee kaa mbali kama adabu inavyotaka, lakini sema karibu. Mwambie, "Nimeuharibu mti wako kwa woga wangu, utaanguka, na mzinga utakwenda nao, na chini yake wanapita watu." Usimwombe ruhusa ya kushusha mzinga. Hiyo mila ni yao, si ya kuchezewa na wewe wala na mimi niliyekaa Tabora. Mwombe aamue mwenyewe. Akitaka kuwapo, mbebeni kwa kitanda mpaka barabarani, umeme ukiwa umezimwa, akae mbali na hatari aone kwa macho yake. Kama wajuzi wa kazi yako wanaona mzinga unaweza kushushwa kwa kamba bila mtu kupanda, mwisho wa kamba ashike yeye, na atakuwa ameushusha mwenyewe. Kama haiwezekani, uanguke na mti. Wewe mwenye ujuzi usipande mti uliopasuka shinani kwa ajili ya kujionyesha kwa baba mkwe. Mzinga ukishaanguka, chonga mwingine mpya kwa mikono yako, umpelekee, uuweke miguuni kwake unyamaze. Atakutukana. Vumilia, anastahili kutukana.

Umeniuliza pia ni kazi gani hii. Nakujibu. Pampu ikivuta maji na mgodi ukawaka taa na Ambrosi akarudi nyumbani kwao jioni, hiyo ndiyo kazi yako uliyoifanya siku hiyo, na mkeo akikuuliza, mwonyeshe Ambrosi. Usiiache. Wanaoijua ni wachache, na aliyekosea mara moja akakiri huwa makini kuliko asiyewahi kukosea. Unalalamika kwamba visiki vinachipua. Mshukuru Mungu kwamba vinachipua. Huo mtundu nao ukikatwa leo, mwakani utakuwa umefika kiunoni, na utaukata tena, na utachoka tena. Ambrosi hachipui.

Jibu hili sikungoja lichapwe. Nimelipeleka kwanza kwako kwa gari moshi, kwa anwani uliyoandika nyuma ya bahasha, na wasomaji wangu wanisamehe kwa kuwaweka nyuma safari hii. Kama umelipokea na mti bado umesimama, hukuwa na haja ya kusoma mpaka hapa. Weka karatasi chini, ndugu yangu, nenda kamtafute Ambrosi.